Franklin wa Mpingo: Tathmini ya Sanamu Tuliyochongewa Arusha

Tangu wiki ya tatu ya Januari, kila mteja anayeingia katika duka letu la uchapaji hapa Moshi husimama kwanza mbele ya meza ndogo iliyo kushoto kwa mlango, akamtazama mzee wa mpingo aliyewekwa juu yake, kisha akauliza swali lile lile: "Huyu si yule wa dola mia?" Ndiye. Wanaofanya kazi ya utalii wanamfahamu kuliko sisi sote, kwa kuwa wengi wao wamewahi kurudishiwa noti yake kwenye dirisha la duka la kubadilishia fedha kwa kosa la kuwa na kichwa kidogo, yaani kuwa ya toleo la zamani. Hata hivyo, sanamu hii haikuagizwa kwa ajili ya dola. Tuliiagiza kwa sababu Benjamin Franklin alikuwa mpiga chapa, na kipimo nitakachotumia katika tathmini hii ni hicho kimoja: mtu akiitazama kwa dakika mbili, ataondoka akijua kwamba ameona mpiga chapa?

Mzee wetu, ambaye alianza kazi kwa kupanga herufi za risasi kwa mkono na akaishi hadi kuona pleti za kuchapia zikitoka kwenye kompyuta, alistaafu Desemba iliyopita. Kama zawadi ya kumuaga, saa ya ukutani tuliona haimtoshi, na shuka la kimasai alikuwa nalo tayari. Yeye ndiye aliyetusimulia habari za Franklin kwa miaka mingi, hasa usiku wa mwezi Desemba, tunapokesha kumalizia kalenda za vyama vya kuweka na kukopa na za sharika za makanisa. Alikuwa akituambia kwamba mtu huyo, aliyezaliwa Boston tarehe 17 Januari 1706 kwa baba mtengeneza mishumaa na sabuni, aliwekwa chini ya kaka yake James akiwa na umri wa miaka 12 ili ajifunze uchapaji, akatoroka mwaka 1723 na kwenda Philadelphia, na kwamba kilichomtajirisha huko, pamoja na gazeti la Pennsylvania Gazette alilolinunua mwaka 1729, kilikuwa ni kalenda. Toleo la kwanza la kalenda yake, iliyojulikana kwa jina la Poor Richard, lilitoka Desemba 1732, na aliendelea kuitoa kila mwaka kwa robo karne. Ukiwa umesinzia juu ya mashine ya kukatia karatasi saa nane za usiku, habari kama hiyo hukupa nguvu kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo mzee alilipenda zaidi. Franklin alikuja kuwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, akatia saini Azimio la Uhuru la mwaka 1776 na Katiba ya mwaka 1787, akasifiwa na wafalme na wanasayansi, lakini alipoandika wosia wake aliuanza kwa kujitaja kuwa yeye ni Benjamin Franklin wa Philadelphia, mchapaji. Vyeo vingine vilifuata baada ya neno hilo. Ndiyo maana tulipochanga fedha, tulikubaliana kwamba sanamu itakuwa yake.

Kabla ya kutafuta fundi tulipaswa kuchagua mfano wa kunakili, kwa sababu sanamu za Franklin ni nyingi. Iliyoko New York, iliyotengenezwa na Ernst Plassmann na kuwekwa mwaka 1872 mahali palipokuwa kitovu cha magazeti ya jiji hilo, inamwonyesha akiwa ameshika nakala ya Pennsylvania Gazette, nayo ilitolewa kwa heshima ya wanahabari na wachapaji wa mji huo. Iliyoko Washington, ya mwaka 1889, ina neno moja katika kila upande wa kitako chake: mchapaji, mwanafalsafa, mfadhili, mzalendo. Philadelphia wanayo ya marumaru, amekaa, kubwa mno kiasi kwamba hakuna fundi wa huku ambaye angekubali kuisogelea. Sisi tulichagua ile ya Boston, kazi ya Richard Saltonstall Greenough, iliyozinduliwa tarehe 17 Septemba 1856 na ambayo hadi leo imesimama mbele ya jengo lililokuwa ukumbi wa jiji, katika mtaa ule ule ilikokuwa shule aliyosoma Franklin kwa muda mfupi utotoni. Tuliichagua kwa sababu ya kitako chake. Pande zake nne zina vibao vya shaba nyeusi vilivyochongwa picha: Franklin kijana akiwa kwenye mtambo wa kupigia chapa, Franklin akiivuta radi kutoka mawinguni, utiaji saini wa Azimio la Uhuru, na utiaji saini wa mkataba wa amani na Uingereza. Viwili ni kazi ya Greenough mwenyewe, viwili ni vya Thomas Ball. Kwa hiyo anayeizunguka sanamu ile huanza na karakana ya wino na kuishia Paris, na sisi tulitaka mzunguko huo.

Karakana tuliyoipatia kazi iko pembezoni mwa jiji la Arusha, upande wa barabara iendayo Dodoma, na sitaitaja jina kwa sababu baadhi ya ninayoyaeleza hapa bado hayajamalizwa baina yetu. Wachongaji wake wengi ni Wamakonde, na uani kwao kuna vifaru, twiga na vinyago vya ujamaa vya kila urefu. Makubaliano yalikuwa sanamu ya sentimita 70, bila kuhesabu kitako, kwa shilingi 1,450,000, na vibao vinne vya mninga kwa shilingi 400,000, vyote viwe tayari ndani ya wiki nane. Tulilipa nusu. Nilipoomba risiti, nikapewa nusu karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Naomba msomaji anielewe: ninapiga chapa vitabu vya risiti, ndicho chakula cha watoto wangu, na niliondoka pale na karatasi ya mistari mfukoni.

Kuhusu ubao wenyewe sina lawama. Fundi mkuu alituonyesha gogo kabla hajaligusa, pamoja na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaulizi. Alitueleza kwa nini hakutaka kuzidi sentimita 70: mpingo hukua polepole sana, magogo yake ni membamba na mara nyingi yamepinda au yana uwazi katikati, na gogo lililonyooka la unene wa kutosha kubeba mabega ya mtu mnene si la kuokotwa. Tulikuwa na wasiwasi kama weusi wa mpingo ungemfaa Mzungu huyo, lakini sanamu ya Boston nayo ni ya shaba nyeusi, na baada ya msasa na rangi ya viatu iliyopigwa kwa brashi hadi ikang'aa, mpingo umetoa sura iliyo karibu na shaba kuliko tulivyotarajia. Ni mzito pia. Watu wawili huibeba, na wa pili habebi kwa adabu tu.

Sura imefanikiwa. Inasimuliwa kwamba Greenough, alipokuwa akizichunguza picha za Franklin, aliona upande wa kushoto wa uso ni wa mtu anayetafakari na wa kulia ni wa mtu anayetaka kucheka, akazitia hali hizo mbili katika shaba. Nilimweleza fundi habari hiyo kwa simu nikidhani ataipuuza. Hakuipuuza. Ukisimama upande wa kaunta, Franklin anakutazama kama mkaguzi wa kodi. Ukihamia upande wa benchi la wateja, kona ya mdomo imepanda kidogo, kana kwamba amesikia bei uliyotajiwa na anajua itapungua. Nywele zinazoshuka hadi mabegani, paji la uso lililo wazi, tumbo chini ya koti refu, vyote vipo, na mikunjo ya koti imefuata mistari ya mti wenyewe. Makosa niliyoyaona katika umbo ni miguu, ambayo ni mifupi kuliko inavyostahili, na vifungo vya koti, ambavyo fundi alivipunguza bila kutuuliza.

Sasa nije kwenye kibao cha mtambo, ambacho ndicho kilichotupotezea wiki tatu na ambacho, kusema kweli, ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii.

Tulipokwenda kukagua kazi mara ya kwanza, mwanzoni mwa Novemba, tulikuta Franklin amesimama kando ya kitu kilichofanana na mashine ya kufyatulia matofali. Hakikuwa na skrubu. Mkono wa kuvutia ulikuwa umeelekezwa juu kama mpini wa pampu ya kisima. Baya zaidi, kwenye kitanda cha mtambo fundi alikuwa amechonga herufi kwa ustadi mkubwa, ndogo na safi, na zote zilisomeka vizuri kutoka kushoto kwenda kulia. Mzee wetu, ambaye tulimchukua tukidhani atafurahi tu, aliinama, akavaa miwani, akasoma, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kijana wangu, hii ukiipaka wino utasomea kwenye kioo."

Fundi hakuelewa, na haikuwa haki kumlaumu, kwani picha tuliyompa ilikuwa ndogo na yenye kivuli, na mtu aliyezaliwa katika zama za simu hana sababu ya kujua kwamba herufi ya risasi huchongwa kinyume ili karatasi ipate iliyo sawa. Wiki iliyofuata mzee alipanda Kosta kwenda Arusha, kilomita zipatazo 80, akiwa na bahasha yenye herufi kumi na tano za risasi alizozihifadhi tangu mashine ya zamani ilipouzwa kama chuma chakavu, kopo la wino na karatasi. Alizipanga juu ya ubao wa fundi, akazifunga kwa uzi, akazipaka wino kwa kidole, akalaza karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Jina la fundi likatoka. Wachongaji wote waliacha vifaru vyao wakaja kutazama.

Kisha akawaeleza mtambo wa karne ya 18 ulivyofanya kazi, nami nayaandika hapa kwa sababu hata vijana wetu wa dukani hawakuyajua. Ulikuwa ni fremu ya mbao yenye skrubu nene katikati. Mtu mmoja alipaka wino kwa mipira miwili ya ngozi iliyoshindiliwa sufu au nywele, akiigonga juu ya herufi badala ya kuiviringisha. Karatasi iliyoloweshwa kidogo ilifungwa kwenye kifuniko na kulazwa juu yake. Kitanda kikasukumwa ndani. Mtu wa pili akavuta mkono wa mtambo kuelekea kifuani kwake, skrubu ikashuka na bamba likakandamiza. Wapiga chapa wawili waliozoeana waliweza kutoa karatasi zipatazo 200 kwa saa, upande mmoja tu. Mashine ya Heidelberg GTO tuliyonayo hutoa hadi 8,000, na bado kuna mteja wa kadi za mchango anayelalamika kwamba tunachelewa.

Kibao cha pili kilichochongwa baada ya somo hilo ndicho kilichopo dukani, na ni kizuri kuliko tulivyostahili kwa bei ile. Skrubu ipo, na nyuzi zake zimezunguka upande unaotakiwa. Franklin amekanyaga kwa mguu mmoja na kuegemea nyuma, mwili wote ukivuta, kama mtu anayechota maji kisimani. Herufi kwenye kitanda zimegeuzwa, tena fundi aliuliza mwenyewe aandike nini, na mzee akachagua neno WINO. Weka kioo kidogo mbele yake utalisoma. Watoto wanaokuja na wazazi wao kuchukua kadi za kipaimara wameligundua jambo hilo, na kioo tulichokiweka pale sasa kina alama za vidole kila siku.

Vibao vingine vitatu havihitaji maneno mengi. Kile cha radi kina wingu zuri, zito, kazi ya mtu aliyekulia chini ya mvua za kweli, lakini uzi wa tiara ulichongwa mwembamba mno kukata mistari ya mninga, ukavunjika njiani, na umeunganishwa kwa gundi inayoonekana. Kile cha mkataba wa Paris wa tarehe 3 Septemba 1783 ni meza na wanaume waliokaa. Hakikosei wala hakikumbukwi. Kile cha Azimio la Uhuru kimetushangaza. Fundi, alipoona umati wa wajumbe katika picha, aliwachonga kwa namna anayoijua tangu ujana wake, wakiwa wamebebana na kushikana bega kwa bega kama katika kinyago cha ujamaa, hata huwezi kusema mkono wa nani umeshika kalamu. Si nakala ya kibao cha Boston, na mtu anayetaka nakala halisi angekirudisha. Sisi tulikikubali. Waasisi wa Marekani wamechongwa kijamaa katika mji ulioipa jina lake hati nyingine yenye neno Azimio, ile ya mwaka 1967, na mzee wetu, aliyeliishi Azimio hilo, alicheka hadi akakaa chini.

Kuna jambo ambalo vibao hivyo havisemi, wala vya Boston havisemi. Gazeti la Franklin lilichapisha matangazo ya kuuza watumwa na ya kutafuta waliotoroka, na yeye mwenyewe alimiliki watumwa. Uzeeni aligeuka: mwaka 1787 alikuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa, na Februari 1790, miezi miwili kabla ya kufa kwake tarehe 17 Aprili, alitia saini ombi lililopelekwa kwenye Bunge la nchi yake kutaka utumwa ukomeshwe. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu wa historia kutoka Marangu, alituuliza kwa nini tumemweka mlangoni mtu wa namna hiyo. Swali lake ni la haki, na kwa duka la uchapaji linauma zaidi, kwa sababu matangazo yale yalipangwa herufi kwa herufi na mtu kama sisi. Tumeweka karatasi moja kando ya sanamu yenye maelezo hayo, yakiwemo matangazo na ombi la 1790. Kitako kingekuwa na upande wa tano ningeagiza kibao.

Limebaki suala la maandishi ya kitako. Tuliagiza yasomeke BENJAMIN FRANKLIN, MCHAPAJI, 1706–1790, tena niliyatuma kwa ujumbe wa simu ili kusiwe na utata. Yalichongwa MCHAPISHAJI. Najua kwa wengi maneno hayo ni mamoja, na ni kweli kwamba Franklin alikuwa yote mawili, kwani alichapisha kazi zake na za watu wengine. Lakini mchapishaji ni yule anayeamua kitabu kitoke na kubeba gharama zake. Mchapaji ni yule anayetoka kazini na wino kwenye kucha. Wosia ulisema la pili. Fundi alipendekeza herufi tatu zilizozidi zijazwe kwa unga wa mpingo na gundi, tukakataa, naye kwa uungwana akalazimika kuranda upande wote wa mbele na kuchonga upya bila kutudai nyongeza. Kitako kimepungua unene kwa karibu sentimita moja, na ukikitazama kwa pembeni unaona kimeinama kidogo mbele. Laiti angetutumia picha ya maandishi yaliyochorwa kwa chokaa kabla ya kushika patasi. Katika kazi yetu hakuna kinachopanda kwenye mashine kabla mteja hajasaini prufu, yaani nakala ya kukaguliwa, na nilipomweleza utaratibu huo alisema atauanza. Yeyote atakayekwenda kuagiza maandishi kwa wachongaji, aombe prufu ya chokaa.

Sherehe ya kumuaga mzee ilifanyika Jumamosi ya kabla ya Krismasi, na sanamu haikuwepo. Tulimkabidhi picha ya sanamu hiyo ndani ya fremu. Sehemu ya ucheleweshaji ni yetu, kwa kuwa kibao cha mtambo kilirudiwa kwa matakwa yetu, lakini wiki mbili za mwisho fundi hakupokea simu, na baadaye tulielezwa kwamba alikuwa kwenye oda ya hoteli moja iliyotaka simba sita. Angesema tu tungeelewa. Kinyume chake, siku ya kuileta alikuja mwenyewe, akiwa ameifunga kwa mablanketi mawili na kuikalisha kwenye kiti cha mbele cha Noah kwa mkanda, na alikataa nauli.

Kwa kipimo nilichokitaja mwanzoni, sanamu imefaulu, ingawa imefaulu kwa kibao zaidi kuliko kwa mtu aliyesimama juu yake. Wateja wanaouliza kuhusu dola huishia kwenye kioo wakisoma WINO. Karakana ile ningeirudia kwa kazi yenye sura za watu na ubao mzuri. Kwa kazi yenye tarehe isiyosogezeka nisingeirudia bila kuongeza miezi miwili kichwani mwangu.

Mwezi uliopita, baada ya joto la Februari na Machi, ufa mwembamba umejitokeza nyuma ya koti, kuanzia begani kushuka kama urefu wa kidole. Fundi ameuona kwenye picha, anasema ubao unatulia, na ameahidi kuja Moshi kuujaza mvua za masika zitakapokatika. Shilingi 150,000 za mwisho zipo kwenye droo, ndani ya bahasha, pamoja na kitabu kipya cha risiti tulichompigia chapa chenye jina la karakana yake, nakala hamsini, namba zikianzia 001.